Bizimu ya Binti Mfalme

Katika picha ya mwisho ya Bi Tekla, ile ya binti mfalme wa Kihispania, bizimu ya dhahabu inayobania utepe begani iko upande wa kulia wa picha. Katika picha ya asili, iliyochorwa karne kadhaa zilizopita, bizimu hiyo iko upande wa kushoto. Kwa miaka ishirini na miwili watu wameiinamia picha hiyo ndogo kwa lenzi, wameisifu lesi ya kola na wekundu wa midomo, na hakuna aliyeliona kosa. Mimi nimelijua tangu rangi ilipokauka, kwa sababu mimi ndiye niliyelifanya. Bi Tekla hakuichora picha ile. Hakuweka juu yake hata nukta moja ya rangi.

Tulimzika mwezi wa tatu, theluji ya mwisho ikiwa imegeuka rangi ya majivu kandokando ya barabara. Baada ya ibada tulishuka kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, pale mjini Saint Paul, Marekani, ambako akina mama walikuwa wamepanga pilau, maharage na chapati zilizofungwa kwenye foili. Kando ya fotografia yake, juu ya kitambaa cheupe, iliwekwa ile picha ya binti mfalme, isiyozidi kiganja cha mtoto. Neema, mwanawe wa pekee, alishika maikrofoni akasema kwa Kiingereza kwamba hii ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya mama yake, na kwamba ndiyo iliyomrudisha yeye nyumbani. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa safu ya tatu, sahani magotini, na niliitikia pia. Mimi ni muuguzi. Katika kazi yetu tunafundishwa kuandika kilichoonekana, saa kilipoonekana na aliyekuwepo, na kuyaacha maoni nje. Nitajaribu kuuandika mwaka ule kwa namna hiyo, ingawa najua mahali pawili au patatu patanishinda.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasomea uuguzi, na siku nne kwa wiki nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Tangazo la chumba nililipata kwenye ubao wa kanisa, limeandikwa kwa Kiswahili safi cha Kitanzania: chumba kimoja, mpangaji mwanamke, mtulivu, asiyekanda unga. Hilo la mwisho sikulielewa. Nilipanda basi hadi Saint Paul, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, nikafunguliwa mlango na mama mmoja mwembamba wa miaka kama sitini, amevaa aproni ya hospitali na kwenye paji la uso kioo cha kukuza kilichofungwa kwa mkanda. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika maabara ya hospitali, akikata vipande vya nyama ya wagonjwa vyembamba kuliko karatasi ili madaktari wavitazame kwa darubini. Alikuwa ameacha kazi hiyo mwaka uliopita. Hakusema kwa nini, na siku ile sikuuliza.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko, na jikoni ndiko kulikokuwa na maisha yote. Meza ya chakula ilikuwa chini ya dirisha la kaskazini na haikuwa ya chakula. Juu yake palikuwa na mabakuli sita ya bati yaliyofunikwa kifudifudi. Bi Tekla aliinua moja kunionyesha. Chini yake alilala mfalme mwenye masharubu, amechorwa kwa rangi za mafuta juu ya kipande cha shaba, sura nzima na kola na mkufu vikiwa vimeenea mahali ambapo mimi ningeweza kubandika stempu nne. Alilifunika tena haraka, kama mtu anayefunika chakula nzi wasiingie. “Vumbi,” alisema. “Likianguka kwenye rangi mbichi, mfalme anapata ndui.” Ndipo nilipoelewa habari ya unga. Tulikula tukiwa tumesimama kwenye kaunta karibu na sinki, sahani mkononi: ndizi za kupikwa na nyama, mboga za majani zilizokatwa nyembamba, dagaa alizotumiwa kutoka kwao. Ugali ulipikwa Jumatatu tu, siku ambayo hakukuwa na picha mbichi. Chapati hazikupikwa kamwe.

Mimi nilizipika. Ilikuwa mwezi wangu wa kwanza pale, yeye yuko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na rafiki yangu Achieng, tuliyefanya naye kazi kwa wazee, alikuja na njaa ya Kikenya. “Hakuna chapo kwa hii nyumba? Nyumba ya Mwafrika?” Tukakanda, tukasukuma, tukacheka. Niliona bakuli moja limeinuliwa kidogo, limeegemezwa kwenye kopo ili hewa ipite, na sikulifikiria. Bi Tekla aliporudi aliingia na koti lake, akasimama, akavuta hewa. Akaenda moja kwa moja mezani. Mfalme wa Kifaransa alikuwa na unga usoni, umeshika kwenye mashavu na ndani ya masikio. Nilingoja matusi. Alimtazama muda mrefu kwa lenzi, akasema, “Sasa huyu ameshakuwa mwokaji.” Halafu akanipa kisu kidogo na kitambaa, akaniambia nimkwangue mpaka kwenye shaba, nisiache hata doa. Nilikwangua saa mbili. Alipokuja kukagua hakuitazama shaba, alitazama mkono wangu. Akauliza kadi zile zilizo mlangoni kwangu, zenye majina ya mifupa na mishipa, ni nani aliyeziandika kwa herufi za sisimizi namna ile. Nikasema ni mimi. “Mkono wako umetulia,” alisema. “Kesho ukitoka kazini usilale. Uje hapa.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Watu wakisikia kwamba nilijifunza kuchora wafalme hudhani nilianza na taji. Nilianza na kitunguu saumu. Kipande cha shaba husuguliwa kwa msasa laini mpaka kisiwe na mng’ao, kisha husuguliwa kwa punje ya kitunguu saumu iliyokatwa, kwa sababu rangi ya mafuta haishiki kwenye shaba tupu, na utomvu wa kitunguu huishikiza. Mikono yangu ilinuka mchuzi hadi darasani. Baada ya hapo nilichora sikio. Wiki tatu, sikio moja la malkia mmoja, kwa rangi ya kijivu tu. Jumamosi tulikwenda kwenye jumba la makumbusho kule Minneapolis, tukisimama mbele ya sura moja mpaka mlinzi akatuzoea na kutusalimu. Nyumbani tulitumia picha kubwa zilizochapishwa kwa rangi, zikibandikwa ukutani. Aliniambia wachoraji wa zamani ndio walimu pekee wasiochoka kuulizwa swali lile lile. Unawauliza kwa brashi: hapa kwenye kope uliweka kijivu au kahawia? Nao hawajibu mpaka ukosee.

Kulikuwa na kioo cha kujitazamia. Kila mwanafunzi wa kunakili anacho. Unaipa mgongo picha ya asili, unakishika kioo mbele yako, na ndani yake unaona picha ya asili na nakala yako pamoja, zote zimegeuzwa, na kosa ambalo jicho lilikwisha kulizoea linaruka nje. Pua iliyopinda, jicho lililo juu kuliko mwenzake. Bi Tekla alikuwa na sheria moja kuhusu kioo na aliirudia kila wiki: “Kioo ni cha kukagua, si cha kuchorea. Ukishika kioo, brashi iweke chini.”

Sheria yake nyingine alikuwa ameirithi kwa mwalimu wake, Mmarekani mzee aliyekuwa na chumba cha kufundishia juu ya duka la baiskeli. Mwanafunzi huchora kila kitu, nguo, nywele, ngozi, hata mboni, lakini haweki ile nukta nyeupe ya nuru ndani ya jicho. Nuru hutiwa na mwalimu, mwisho kabisa, na anayetia nuru ndiye mwenye picha. Mwalimu wake alimtilia nuru miaka saba, kisha siku moja akamkabidhi brashi. Mara ya kwanza nilipoona Bi Tekla akifanya hivyo ilikuwa kwenye malkia wangu wa kwanza, mwezi wangu wa nne pale. Alichukua brashi yenye nywele zisizozidi tano, akaigusisha kwenye nyeupe, akashusha pumzi yote, akagusa mara mbili. Yule malkia, ambaye kwa wiki sita alikuwa kipande cha shaba chenye rangi, alinitazama. Nilirudi nyuma nikagonga friji. Bi Tekla alicheka mpaka akakohoa. “Msalimie basi,” alisema. “Amekuona.”

Achieng hakuelewa, na sikumlaumu. “Yaani Nekesa, unatoka double shift, una-drive kwa hiyo theluji yote, halafu unaenda kuchora mkoloni?”

“Si mkoloni. Huyu ni Mhispania.”

“Na Wahispania walikuwa wanauza njugu?”

Nilimpelekea Bi Tekla swali hilo kama lilivyo. Alikuwa anaosha brashi na hakugeuka. “Mwambie mwenzako siwachori kwa kuwa walitawala. Nawachora kwa kuwa walitazamwa vizuri. Mtu alikaa mbele ya mwanamke huyu akatazama kidole chake kimoja siku nzima. Kama mchoraji yule angemtazama mkunga wa kijijini kwetu hivyo, leo ningekuwa nanakili wakunga.” Akaikunja brashi kwenye kitambaa. “Mimi mwenyewe nimewahi kutazamwa hivyo na nani?”

Mkono niliuona kwanza kwenye kikombe cha chai. Kilikuwa kikigonga sahani yake, kidogo, mara tatu au nne, kabla hajakitua. Huo ulikuwa mwezi wangu wa tano. Nilikuwa nimetoka kusoma sura nzima kuhusu mitetemo ya mikono, nilijua maswali ya kuuliza na mpangilio wake, na sikuuliza hata moja. Nilihesabu tu. Mwezi wa saba hakuvaa tena shati lenye vifungo. Mwezi wa nane nilikuwa nimemaliza mfalme mmoja mnene, nikampelekea atie nuru. Alishusha pumzi kama kawaida, brashi ikakaribia, na mkono ukatikisika. Nukta nyeupe iliangukia chini ya kope. Tukaitazama wote wawili. “Mfalme analia,” alisema, akacheka, na kicheko kikakatika katikati. Aliiweka brashi mezani bila kuiosha, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Nilifuta chozi la mfalme kwa ncha ya kitambaa. Sikuitia nuru ile picha. Niliifunika kwa bakuli, na haijamalizika mpaka leo.

Kuta za nyumba zile zilikuwa nyembamba, na Bi Tekla alipenda kuzungumza na simu ikiwa juu ya kitanda, sauti imefunguliwa. Ndivyo nilivyomjua Neema kabla ya kumwona. Alikuwa akiishi Eagan, mwendo wa dakika ishirini kwa gari, na hakuwa amekanyaga pale kwa miaka miwili. Mama aliongea Kiswahili, binti alijibu kwa Kiingereza, kila mmoja akimwelewa mwenzake bila shida, na hilo ndilo lililofanya maneno yaume. Siku moja baada ya lile chozi la mfalme, nikiwa napiga pasi sare yangu, nilimsikia Bi Tekla akisema, “Njoo Jumapili tule.”

“Tule wapi, Mama?” Neema alisema. “Nimekula nimesimama miaka kumi na minane. Kila siku mezani kulikuwa na mfalme.”

“Nimekubaliwa kwenye maonyesho, mwanangu.”

Sauti ya Neema ikabadilika kidogo. “Yale ya chama cha wachoraji wa picha ndogo? Yale waliyokukataa?”

“Mara tatu. Mwaka huu wamenikubali. Wanataka kazi moja mpya.”

“Basi hiyo nitakuja kuiona,” Neema alisema. “Nataka kuona kitu kilichokaa kwenye kiti changu.”

Bi Tekla alitoka chumbani akanikuta na pasi mkononi, na alijua nimesikia, kwa sababu alikuja moja kwa moja akakaa mbele yangu akaiweka mikono yake miwili juu ya ubao wa pasi. Wa kulia ulikuwa ukitetemeka kama kitu kinachotaka kushuka. “Unaona,” alisema. “Naona, Mama.” “Utanichorea.” Nilimwambia huo utakuwa uongo. Nilimwambia amweleze Neema ukweli, kwamba mkono umeumwa, kwamba mtoto atamwelewa. Alitikisa kichwa. “Nikimwambia hivyo atakuja kwa huruma. Huruma sikuitaka hata kwa baba yake. Nataka aje kwa kuwa imekuwa na maana, ile miaka aliyokula amesimama.” Nilikunja sare yangu. Nilikuwa na umri ambao mtu hudhani kukataa kunahitaji sababu nzuri kuliko kukubali. Nikasema ndiyo.

Tulifanya kazi miezi miwili. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya bega langu la kushoto, kioo cha kukuza kwenye paji, mikono ameibana katikati ya magoti, na akanitazamia. Sijui namna nyingine ya kulisema hilo. “Kijivu hicho kina bluu mno. Ongeza njano, kidogo, kidogo kuliko hivyo. Shavu halina mpaka, mwanangu, usilichoree ukingo. Pumzika. Kunywa maji. Rudi kwenye mdomo.” Kuna siku nilipiga brashi na sikujua kama uamuzi ulikuwa wangu au wake. Ndiyo sababu nilipoandika hapo juu kwamba hakuichora picha ile, niliandika kilichoonekana. Mkono uliokuwa ukionekana ulikuwa wangu.

Binti mfalme alikuwa na utepe mwekundu kwenye kila bega, na kwenye utepe mmoja tu bizimu ya dhahabu. Nilichora tepe zote mbili, nikaacha bizimu mwisho. Siku ya bizimu Bi Tekla alikuwa na miadi kliniki. Picha ya asili ilikuwa imebandikwa ukuta wa nyuma, na mimi nilikuwa na mtihani kesho yake na mgongo unaouma kwa kugeuka. Kwa hiyo nilikiegemeza kioo kwenye dirisha, nikawa natazama bizimu ndani yake na kuchora papo hapo, bila kugeuka. Ilinichukua muda mfupi sana. Ilikuwa bizimu nzuri. Kioo kiligeuza kushoto kuwa kulia, mimi nikaifuata kama kondoo, na kwa kuwa tepe zilifanana, hakuna kilichonishtua.

Siku mbili baadaye, rangi ilipokauka, tulikaa mezani kwa ajili ya nuru. Bi Tekla aliiokota ile brashi ya nywele tano kwa mkono wa kushoto akanipa. “Tia.”

“Mama, hii ni yako.”

“Mkono wangu utamliza. Tia.”

Nilishusha pumzi, nikagusa mara mbili. Akaniambia niweke alama kwenye kona, si yangu bali yake, T ndani ya duara. Nikaiweka. Ndipo, nilipoinua kichwa kupumzisha macho, nikaitazama picha ya asili moja kwa moja kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa, na nikaiona bizimu. Kuitoa kungemaanisha kukwangua bega zima, na maonyesho yalikuwa siku nne mbele. Rangi mpya za bega, tabaka juu ya tabaka, zisingewahi kukauka. Nilifungua mdomo. Bi Tekla alikuwa ameshaichukua picha, ameishusha lenzi, anaitazama. Aliitazama kwa muda ambao chai ya moto hupoa. Kisha akaomba kioo. Nikampa. Akaigeuzia mgongo ile ya ukutani, akazitazama zote mbili ndani ya kioo, akakirudisha. “Imekwisha,” alisema, akaifunika kwa bakuli, na nuru ilipokauka akaifunga kwenye kitambaa cha khanga. Hata leo sijui aliona au hakuona. Nimelitafakari hilo kwenye zamu nyingi. Ninachoweza kuandika ni kwamba alikishika kioo, na kwamba hakusema neno.

Neema alikuja kwenye maonyesho kwa koti jeusi na viatu virefu, theluji imemgandia nywele. Ukumbi ulikuwa Minneapolis, picha ndogo ndogo zimepangwa ukutani na lenzi ikining’inia kwa uzi kando ya kila moja. Hakumsalimia mtu. Alikwenda kwenye picha ya mama yake, akashika lenzi, akainama. Nilikuwa kwenye meza ya juisi, hatua nane kutoka kwake. Aliinama muda mrefu hata nyuma yake pakawa na foleni. Alipoinuka alikuwa analia bila kujificha, na akasema, kwa Kiingereza na kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, “Mama, macho yake. Ananiona.” Akamkumbatia. Juu ya bega la binti yake Bi Tekla alinitafuta kwa macho, akanipata. Nilitazama juisi.

Baada ya siku ile Neema alikuja kila Jumapili. Mabakuli yaliondolewa mezani, kitambaa cha chakula kikatandikwa, na nilimkuta mara nyingi ameketi, ameegemea kiti, akila ndizi kwa mkono na kujibu kwa Kiingereza. Walipata miaka ishirini na miwili ya namna hiyo. Bi Tekla alimwambia mwanawe kwamba ameamua kuacha kuchora akiwa juu, na Neema alikubali, na kutetemeka kulipoonekana wazi kulihesabiwa kuwa jambo lililokuja baadaye. Mimi nilihama kiangazi kilichofuata, nikahitimu, nikaajiriwa wadi ya watoto njiti. Mkono wangu sasa hutafuta mishipa ya watoto wenye uzito wa mkate, na wenzangu hunipa wale walioshindikana. Wafalme sijachora tena. Nilinunua shaba mara moja, nikaisugua kitunguu, nikakaa mbele yake mchana kutwa bila mtu nyuma ya bega langu, na sikujua pa kuanzia.

Wiki tano baada ya mazishi Neema alikuja kwangu Maplewood. Nilikuwa nimetoka zamu. Nilipika chai ya tangawizi, na yeye akatoa kwenye mkoba ile picha, imefungwa kwenye khanga ile ile. Chama kilikuwa kinaandaa maonyesho ya kumkumbuka mama yake, alisema, na mama mmoja wa chama aliiweka kando ya picha ya asili ili azichapishe pamoja, akaona bizimu.

“Mama hakuwahi kukosea upande,” Neema alisema kwa Kiingereza chake. “Kamwe. Nimepitia zote, moja moja, kwa lenzi. Hii tu.” Alizungusha kikombe. “Kwa hiyo nimekuwa nikifikiri. Labda alikuwa ameanza kupoteza akili tangu wakati ule, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikila, kila Jumapili, sikuona. Wewe uliishi naye. Wewe ni nesi. Niambie ukweli. Alikuwa ameanza?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi katika miaka ile, na hilo halikuwemo. Kunyamaza kwangu kulikuwa kumelinda Jumapili zao. Sasa kungemvisha mwendazake ugonjwa ambao hakuwa nao, na kumwachia mwanawe hatia ambayo si yake. “Akili yake ilikuwa nzima mpaka mwisho,” nilisema. “Mkono ndio uliokuwa umeondoka. Kosa la bizimu ni langu, nilichorea kwenye kioo. Picha yote nimeichora mimi, Neema. Yeye alikaa nyuma yangu akaniambia kila rangi.”

Hakulia. Aliuliza jambo moja. “Macho?”

“Nuru nilitia mimi. Alinipa brashi akaniambia nitie.”

“Na mimi nikasimama pale mbele ya watu wote nikasema ananiona. Na Mama akanyamaza.”

“Alinyamaza. Na mimi nilinyamaza.”

Neema alisimama, akakiosha kikombe chake, akakikausha, akatafuta kabati lake akakirudisha. Akavaa koti. Mlangoni aligeuka, na kwa Kiswahili, ambacho kwa miaka yote hiyo nilikuwa sijamsikia akikitoa mdomoni, akasema, “Asante kwa chai, dada.” Kisha akashuka ngazi, na nikasikia gari likiondoka.

Niliporudi jikoni nilikuta picha iko juu ya meza, kati ya sukari na chupa ya chai, na khanga imekunjwa vizuri kando yake. Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Leo ni Alhamisi, na maonyesho yanafunguliwa keshokutwa. Hajapiga simu. Sijui kama aliisahau, au aliniachia.